Mafunzo baada ya kuhitimu Marekani si kibarua, ni nusu ya pili ya shule

Tangu mwaka huu uanze, vikundi vya WhatsApp vya wazazi hapa Mwanza vimekuwa vikipokezana ujumbe mmoja: vijana wetu waliohitimu vyuo vya Marekani na wanaoendelea na mafunzo ya kazi huko "wamefutiwa", wafungashe warudi. Niliusoma kwanza nikiwa Nyegezi, nikatumiwa tena na jamaa wa Buswelu, kisha nikausikia ukisomwa kwa sauti ndani ya daladala ya Kisesa. Kuna walioupokea kwa uchungu. Kuna waliofurahi, tena bila kuficha: bora warudi, walikwenda kusoma, nani aliwatuma kufanya kazi? Pande zote mbili zimekosea, na zimekosea mahali pamoja. Zote zinayachukulia mafunzo yale kuwa ajira, kibarua cha dola anachokipata mtu akishamaliza shule. Kwa sheria inayoyaruhusu, na kwa jinsi ujuzi unavyomwingia mtu mikononi, mafunzo yale ni sehemu ya masomo yenyewe. Anayeyakatisha, iwe ni serikali ya Washington au mzazi wa Mwanza anayemwambia mwanawe "njoo tu, shahada si umeshapata", anaikata elimu ikiwa katikati.

Tuanze na kilichotokea kweli. Tarehe 16 Desemba 2025 Rais Donald Trump alitia saini tangazo lililoongeza nchi kwenye orodha ya zile ambazo raia wake wanazuiwa kuingia Marekani, nyingine kabisa, nyingine kwa sehemu. Tanzania iliwekwa kwenye zuio la sehemu pamoja na jirani zetu Zambia na Malawi. Burundi ilikuwa imeshaingia tangu Juni. Zuio lilianza kazi 1 Januari 2026 na linagusa viza za matembezi na biashara, na pia viza za wanafunzi na za mabadilishano, yaani F, M na J. Lakini tangazo lenyewe linasema linamhusu nani: mtu aliyekuwa nje ya Marekani siku hiyo bila viza halali. Aliyekuwa ndani hakuguswa na kipengele hicho, na viza zilizokwisha kutolewa hazikufutwa nacho. Binti aliyehitimu mwaka jana na anayeendelea na mafunzo kwenye maabara ya huko hajafukuzwa na mtu. Mlango uliomfungia ni wa kurudi. Viza yake ikiwa imekwisha muda, akaja kumzika babu yake Magu, hapati nyingine ya kumrudisha amalizie miezi iliyobaki. Hili ni jambo zito kwa familia, na ndilo ambalo ujumbe wa WhatsApp haulisemi hata kidogo.

Viza, ikumbukwe, ni ya kuingilia tu. Ukishakuwa ndani, kinachokuruhusu kukaa na kujifunza kazini ni karatasi nyingine, na hapo ndipo wengi wanapotea kwa sababu karatasi ziko za aina mbili. Mwanafunzi wa F-1 hubeba hati iitwayo I-20 na yuko chini ya Wizara ya Usalama wa Ndani. Mwanafunzi wa mabadilishano, wa J-1, hubeba DS-2019, na mpango wake unasimamiwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani chini ya sheria ya mabadilishano ya elimu na utamaduni ya 1961. Wa kwanza akihitimu huomba mafunzo yanayojulikana kwa kifupi kama OPT: miezi 12 kwa kila ngazi ya elimu, na kama amesoma sayansi, teknolojia, uhandisi au hisabati anaweza kuongezewa 24. Wa pili hupewa kitu kingine kabisa, mafunzo ya kitaaluma, ambayo kwa kawaida hayazidi miezi 18 wala hayazidi urefu wa masomo aliyosoma. Aliyemaliza uzamivu anaweza kufika miezi 36. Mtaani yote haya huitwa "kubaki Marekani". Lakini anayechanganya hayo mawili atamshauri mtoto vibaya.

Ninataka kukaa kidogo kwenye haya ya J-1, maana ndiyo yasiyojulikana na ndiyo yanayoonyesha nia ya sheria bila kificho. Mwanafunzi haendi kwenye idara ya uhamiaji kuomba kitambulisho cha kazi. Anakwenda kwa mwalimu wake. Mshauri wake wa taaluma au mkuu wa kitivo ndiye anayeandika barua, na kanuni inataja barua hiyo lazima iseme nini: malengo ya mafunzo, mahali yatakapofanyika, jina na anwani ya msimamizi, saa kwa wiki, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, yanahusianaje na kozi aliyosoma, na kwa nini ni sehemu muhimu ya programu yake ya masomo. Ofisa wa chuo anayehusika na wanafunzi wa mabadilishano anaipima, akiridhika anaidhinisha kwa maandishi. Mafunzo yanatakiwa kuanza ndani ya siku 30 baada ya masomo kwisha. Yanaweza kuwa ya malipo au bila malipo, sheria haijali. Mtu akifanya nusu siku, muda unahesabiwa kama wa siku nzima, na miezi aliyoitumia kabla ya kuhitimu inatolewa kwenye jumla. Muda wote huo anatakiwa awe na bima ya afya isiyopungua dola 100,000 kwa kila ugonjwa au ajali. Nani anaandika masharti ya namna hii kwa ajili ya kibarua?

Pale Mwaloni, Kirumba, kuna mayu mmoja, yaani mama kwa Kisukuma, muuza dagaa ambaye binti yake amemaliza uzamili wa sayansi ya chakula kwa viza ya J-1. Aliniita kando ya magunia yake, akafuta mikono kwenye khanga, akatoa kwenye mfuko wa plastiki karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa nakala ya barua ya profesa, binti alimtumia kwa simu naye akaenda kuichapisha kwenye steshenari ya pale barabarani. Kona moja imeingia mafuta ya dagaa mpaka herufi zinaonekana upande wa pili. Mpwa wake alikuwa amemwandikia tafsiri kwa kalamu pembeni: saa 40 kwa wiki, msimamizi fulani, kupima unyevu na vimelea kwenye vyakula vilivyokaushwa. Akaniuliza, "Mwanangu, kama hii ni shule, mbona wanampa mshahara? Na kama ni kazi, mbona hatumi hela?" Nimesikia wachumi wakijadili suala hili kwa saa nzima bila kuuliza swali zuri kama lile. Nilimjibu kwamba ni shule inayolipa posho, kwamba posho inaishia kwenye pango na bima, na kwamba anachokipata binti yake pale hakiwezi kutumwa kwa simu.

Sasa angalia tofauti ya karatasi inavyofanya kazi katika hali ya leo. Wa OPT lazima aombe kitambulisho cha kazi kwa idara ya uraia na uhamiaji, kwa fomu ya I-765, ndani ya dirisha linaloanza siku 90 kabla ya masomo kwisha na kufungwa siku 60 baada yake. Bila kitambulisho hicho mkononi haruhusiwi kuanza hata siku moja. Mwanzoni mwa Januari 2026 idara hiyo ilielekeza maombi ya raia wa nchi zilizo kwenye orodha, Tanzania ikiwamo, yasitolewe uamuzi kwanza. Wa J-1 hapitii dirisha hilo. Idhini yake inatoka chuoni. Vijana wawili wa Mwanza, mmoja wa Pasiansi na mmoja wa Mabatini, wamesoma darasa moja na kuhitimu siku moja. Mmoja anaanza mafunzo Jumatatu kwa barua ya profesa, mwingine anakaa chumbani akihesabu siku. Hawakutofautiana kwa akili wala kwa bidii. Walitofautiana kwa fomu ambayo familia zao zilijaziwa miaka miwili nyuma bila kuuliza. Hata nafuu hiyo ya J-1 inaweza kupungua: pendekezo la kanuni lililotangazwa Agosti 2025 linataka wanafunzi wa F na J wapewe tarehe maalumu ya mwisho wa kukaa, isiyozidi miaka minne, na anayehitaji muda zaidi aombe kwa idara hiyohiyo ya uhamiaji. Pendekezo hilo likipitishwa, barua ya profesa peke yake haitatosha kwa kila mtu.

Wanaopinga mafunzo haya huko Marekani wana hoja, na mbili kati yake zinastahili heshima. Ya kwanza ni ya ajira. Takwimu za mwaka wa masomo 2024/25 zinaonyesha wanafunzi wa kigeni zaidi ya milioni 1.1, na kati yao zaidi ya 290,000 walikuwa kwenye OPT. Hao si wachache, na kijana wa Ohio anayetafuta kazi ya kwanza ana haki ya kuuliza nafasi zimekwenda wapi. Ya pili ni ya kodi, nayo naiona nzito zaidi. Mwanafunzi wa F-1 au J-1 ambaye kikodi si mkaazi, kwa kawaida katika miaka mitano ya kalenda ya mwanzo, hakatwi michango ya hifadhi ya jamii na bima ya afya ya wazee. Michango hiyo ni asilimia 7.65 kwa mfanyakazi na kiasi hichohicho kwa mwajiri. Maana yake mwajiri akiwaweka mezani wahitimu wawili wanaolingana, mgeni anamgharimu pungufu. Ningekuwa mzazi wa Ohio lingeniuma. Lakini tatizo hilo dawa yake ni kurekebisha kodi, ambalo bunge lao linaweza kulifanya bila kugusa mafunzo. Mtu anayetaka kufuta mafunzo yote kwa sababu ya pengo la kodi anabomoa nyumba ili kuziba tundu la paa.

Hoja ya tatu, kwamba mafunzo haya hayana msingi wa kisheria, ilishapelekwa mahakamani. Chama cha wafanyakazi wa teknolojia cha jimbo la Washington kilidai kwamba viza ya mwanafunzi inaisha siku masomo yanapoisha, na kazi ya baada ya hapo ni uvunjaji wa sheria. Oktoba 2022 Mahakama ya Rufani ya mji wa Washington ilikataa, kwa wingi wa majaji wawili dhidi ya mmoja, na Oktoba 2023 Mahakama ya Juu kabisa ya nchi hiyo ikakataa kulisikiliza shauri. Majaji hao wawili walijikita kwenye jambo ninalolisema hapa: mafunzo yanayohusiana na kozi, yaliyopendekezwa na chuo, yenye kikomo cha muda, yanaendana na lengo la viza ya masomo. Walikumbusha pia kwamba ruhusa ya mafunzo kwa vitendo ilikuwapo kwenye kanuni tangu miaka ya 1940, kabla hata ya sheria ya uhamiaji ya 1952 wanayoitumia leo. Serikali iliyopo ina mtazamo mwingine. Joseph Edlow, akiwa mbele ya maseneta Mei 2025 kabla ya kuthibitishwa kuongoza idara ya uraia na uhamiaji, alisema angependa kuondoa ruhusa ya kufanya kazi kwa wanafunzi wa F-1 baada ya muda wao wa shule. Alisema wazi, na kila mzazi mwenye mtoto kwenye I-20 angefaa kuyajua maneno hayo.

Turudi huku kwetu, maana hoja za huku ndizo zinazoamua mzazi atamwambia nini mwanawe. Ya kwanza ni ya wasomi kukimbilia nje, kwamba mafunzo ni ndoano: anaanza miezi 12, anapata mwajiri, anatafutiwa viza ya kazi ya H-1B, na kijiji kinabaki na picha ya mahafali ukutani. Hoja hii si ya kupuuza. Inatokea, tena sana kwa wa OPT. Hata hivyo njia hiyo ilikuwa nyembamba hata kabla ya mabadiliko haya: kikomo cha kawaida cha H-1B mpya ni 85,000 kwa mwaka kwa dunia nzima, kwa miaka mingi ziligawiwa kwa bahati nasibu, na Septemba 2025 iliwekwa tozo ya dola 100,000 kwa maombi mengi mapya ya watu walio nje ya Marekani. Kwa wa J-1 kuna ukuta mwingine uliojengwa makusudi kwa ajili ya nchi kama yetu. Aliyefadhiliwa na serikali ya Marekani, kwa mfano kwa mpango wa Fulbright, au na serikali ya nchi yake, lazima akae kwao jumla ya miaka miwili kabla ya kupewa H-1B au ukaazi wa kudumu. Waliosomea fani zilizotajwa kwenye orodha ya ujuzi unaohitajika nchini mwao nao hubanwa vivyo hivyo, na madaktari wanaokwenda kubobea pia. Kwa maneno mengine, kwa hao wa J-1 mafunzo na kurudi nyumbani vimefungwa kwenye kamba moja. Anayepigia kelele wasomi kukimbia ndiye angepaswa kuwa wa kwanza kuutetea mpango huu, kwa sababu unampa kijana ujuzi kisha unamrudisha.

Nikitaja madaktari, niweke sawa jambo moja, kwa kuwa mji wetu una hospitali ya Bugando na mazungumzo haya hufika haraka kwenye korido zake. Daktari anayekwenda Marekani kubobea kwa kutibu wagonjwa haendi kwa mafunzo ya kitaaluma ninayoyazungumzia. Ana njia yake ya J-1, yenye mdhamini wake na mitihani yake, na inaweza kuchukua hadi miaka saba. Aliyesoma uzamili wa afya ya jamii au utafiti ndiye anayeangukia huku. Wawili hawa wasiulizwe maswali mamoja.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika zaidi: kwamba mtu mwenye shahada hahitaji tena mafunzo. Naijibu kwa mambo ya hapahapa. Mwanafunzi wa udaktari akihitimu Bugando hapewi leseni kamili siku hiyo. Anakwenda kuwa daktari tarajali mwaka mzima, na hakuna mama atakayekubali mwanawe apasuliwe na mtu aliyeruka mwaka huo. Mwenye shahada ya sheria haingii mahakamani kama wakili mpaka apite Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, na jina lenyewe linasema lilivyo. Mhandisi aliyehitimu anawekwa kwenye mpango wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi ulioanza 2003, miaka mitatu chini ya usimamizi, ndipo asajiliwe kuwa mhandisi kamili. Daraja la Kigongo na Busisi, lililofunguliwa 19 Juni 2025 na kutuondolea foleni ya kivuko, halikujengwa na watu waliotoka darasani wakaenda moja kwa moja kumimina zege katikati ya ziwa. Sisi wenyewe tumeandika kwenye kanuni zetu kwamba shahada pekee haitoshi. Kwa nini basi tunamwambia mtoto aliyeko ng'ambo kwamba inatosha? Nadhani ni kwa sababu hatuoni anachokifanya. Tarajali wa Bugando tunamwona na koti lake akikimbia ngazi usiku. Wa kule tunamwona kwenye picha tu, amesimama kwenye theluji.

Na ziwa hili limewahi kutuonyesha thamani ya huo ujuzi usioonekana. Kati ya 1997 na 1999 Umoja wa Ulaya uliwafungia soko samaki wa Ziwa Victoria zaidi ya mara moja, mara kwa sababu ya bakteria wa salmonela, mara kwa hofu ya sumu iliyotumiwa na wavuvi. Viwanda vya minofu ya sangara hapa Mwanza viliumia vibaya. Tulichokosa hakikuwa watu wenye vyeti vya baiolojia. Tulikosa maabara zinazoaminika na watu waliozoea kuziendesha: kuchukua sampuli kwa utaratibu uleule kila siku, kuandika matokeo hata pale yanapomkasirisha mwenye kiwanda, kusimama mbele ya mkaguzi wa nje na kumjibu. Mazoea hayo hayafundishwi kwa slaidi. Mtu huyapata kwa kukaa miezi mingi chini ya msimamizi anayemrudishia kazi mara tatu. Dagaa leo wako pale sangara walipokuwa. Bado wengi wanaanikwa mchangani, mvua za masika zikija mzigo unaoza, bei inaanguka, na soko la nje linahitaji uthibitisho ambao mchuuzi wa Mwaloni hana. Binti wa yule mayu anajifunza kupima unyevu na vimelea. Kila mwezi anaoongeza kwenye ile maabara unahusika moja kwa moja na gunia alilokuwa ameliegemea mama yake.

Kuna wanaosema Marekani ikifunga twende kwingine, na ni kweli njia zipo. Ujerumani humpa mhitimu miezi 18 ya kutafuta kazi. Kanada hutoa kibali cha hadi miaka mitatu kulingana na urefu wa masomo. Uingereza imekuwa ikitoa miaka miwili, na wanaoomba kuanzia 1 Januari 2027 watapewa miezi 18, isipokuwa wa uzamivu. Lakini vibali hivyo vina sura tofauti: vinamruhusu mhitimu kufanya karibu kazi yoyote, hata ya kupanga bidhaa ghalani. Havimtaki mwalimu aandike kijana atajifunza nini na kwa nani. Kwa anayetaka kipato, vinafaa kuliko J-1. Kwa nchi inayotaka ujuzi urudi, barua ya profesa ina thamani ambayo kibali cha wazi hakina, na sioni tukilizungumza hilo tunapowashauri vijana wetu.

Jambo linalonisumbua zaidi ni kwamba sisi wenyewe hatuna barua ya namna hiyo. Pale Malimbe, chuoni SAUT, na pale Bugando, CUHAS, wamo wanafunzi kutoka nchi za jirani. Mmoja wao akihitimu na kutaka kujifunza kazi kiwandani Igogo au kwenye mradi wa uvuvi, anakutana na Sheria ya Ajira kwa Wageni ya 2015 kama anavyokutana nayo mtaalamu mkubwa aliyeletwa na mwekezaji. Sheria hiyo ina busara yake: inamtaka mwajiri wa mgeni awe na mpango wa kurithisha ujuzi kwa Mtanzania. Iliandikwa kwa ajili ya bosi anayekuja kufundisha, kwa hiyo kijana anayetaka kufundishwa hana pa kusimama ndani yake. Tunailaumu Marekani kwa kubana mlango, nasi mlango wa aina hiyo hatujaujenga, hata kwa Mganda au Mrundi ambaye Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza 2010, inamtambua kama mwenzetu kwenye soko la kazi.

Anayerudi nyumbani naye haandaliwi chochote. Nimeona wahitimu wakishuka uwanja wa ndege wa Mwanza na mafunzo ya mwaka mzima kichwani, wakaanza kuzungusha bahasha za maombi sawa na mtu aliyemaliza kidato cha nne. Taasisi moja ya hapa, sitaitaja, ilimwambia ndugu yangu wa karibu kwamba mafunzo aliyofanya nje "hayatambuliki" kwa sababu hayakuwa na cheti. Alikuwa na barua ya profesa, ripoti ya msimamizi yenye kurasa kumi na moja, na tarehe za kila hatua. Aliyempokea hakuifungua. Ofisi zetu zingeweza kuanza kwa kitu kidogo, ukurasa mmoja tu: malengo, mahali, msimamizi, saa, tarehe. Kiwanda cha samaki kikiwa na ukurasa huo kwa kila kijana wa fildi, maabara ya uvuvi Nyegezi ikiwa nao, vyuo vyetu vikikubali kuusoma ule ulioandikwa kwingine, tungeweza kumpokea mtu pale alipofikia badala ya kumrudisha mwanzo.

Kwa familia zenye mtoto huko sasa hivi, ushauri wangu ni wa vitendo. Muulizeni hati yake ni I-20 au DS-2019. Muulizeni viza iliyobandikwa kwenye pasipoti inaisha lini, na mafunzo yanaisha lini, kwa kuwa ni tarehe mbili tofauti. Kama ni wa J-1 na bado hajahitimu, barua ya profesa ianze kuandikwa sasa, kwani siku 30 zikipita baada ya masomo hakuna wa kumrudishia. Kama ni wa OPT, akae karibu na ofisi ya wanafunzi wa kigeni ya chuo chake na asiamini ujumbe wowote usiotoka hapo. Wala msimwite nyumbani kwa harusi au arobaini kabla hajamaliza. Najua ni maneno magumu kwa watu wa huku, ambako kutofika msibani kunahesabiwa.

Yule mayu wa Mwaloni aliyasikiliza yote hayo, akaikunja tena ile karatasi mara nne. Mama yake mzazi, bibi wa binti, anaumwa huko Sengerema, na kila Jumapili anauliza mjukuu anakuja lini. Mafunzo yanaisha Oktoba. Viza ilikwisha muda Februari. Akaniomba nimwandikie tarehe ya Oktoba nyuma ya karatasi kwa herufi kubwa, ili akienda Jumapili amwonyeshe bibi.